Maikrofoni ya Kupimia Chumba: Iaminiwe Kiasi Gani?

Mwaka 2015 kampuni ya Sonos ya Marekani iliwaletea wateja wake huduma iliyoiita Trueplay. Spika inatoa milio ya ajabu, na mwenye nyumba anazunguka chumbani taratibu, simu mkononi, akiinua na kushusha mkono hewani. Baada ya dakika chache simu imekwisha kuchora jinsi chumba kinavyoipotosha sauti, na spika inajirekebisha. Huduma hiyo ilikuwa ya wenye iPhone na iPad peke yao. Mwenye simu ya Android, hata iwe ya bei kubwa namna gani, aliachwa nje.

Sababu ilikuwa maikrofoni. Apple ilikuwa na aina chache za simu, na iliwezekana kuzipima zote na kujua kila aina inasikia nini na inakosea wapi. Simu za Android zilitoka viwanda vingi, kila kimoja na maikrofoni zake, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba simu mbili zitasikia sawa. Spika ya Move ilipotoka mwaka 2019 ilipewa maikrofoni zake yenyewe, na tatizo la simu likakwepwa.

Kila mfumo wa kurekebisha sauti ya chumba unasimama juu ya imani ya namna hiyo. Uwe Audyssey ndani ya risiva ya Denon, uwe Dirac Live kutoka Uppsala nchini Sweden, au uwe mtu na kompyuta yake anayetumia REW, programu ya bure iliyoandikwa na John Mulcahy, kazi yote inaanza kwa kifaa kimoja kidogo kilichosimamishwa pale anapokaa msikilizaji. Kifaa hicho kikidanganya, kompyuta haina njia ya kujua. Itarekebisha kosa ambalo halipo kwa bidii ileile ambayo ingerekebisha lililopo.

Tuseme maikrofoni ina kasoro ya kupunguza sauti zilizo karibu na Hz 12,000 kwa desibeli 3. Spika haina tatizo lolote, lakini mchoro unaonyesha bonde. Programu inalijaza bonde kwa kuongeza desibeli 3, halafu inapima tena ili kuthibitisha kazi yake, na safari hii mstari umenyooka. Mwenye nyumba anaridhika. Jioni anaweka taarabu na kushangaa kwa nini fidla zinamkwaruza masikio na kila herufi ya “s” anayoitamka mwimbaji inachoma. Maikrofoni iliyoleta kosa ndiyo iliyoitwa kutoa ushahidi kwamba kosa limekwisha. Mchoro wa baada ya marekebisho, ukipimwa kwa maikrofoni ileile, hauwezi kufichua kasoro ya maikrofoni yenyewe, hata kipimo kirudiwe mara mia.

Ndiyo maana swali la usahihi linastahili kuulizwa mapema, kabla ya programu kuguswa. Na linapaswa kuulizwa vizuri. Kuuliza “maikrofoni hii ni sahihi?” hakutoshi, kwa kuwa jibu la Hz 40 linatofautiana kabisa na jibu la Hz 14,000.

Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, chenye dari ya mita 3. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi joto 20. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inalingana na nafasi iliyopo kati ya kuta mbili hugonga, hurudi, na kujikuta likikutana na lenzake kwa namna inayolipa nguvu. Kwa urefu wa chumba hicho hilo hutokea kwenye Hz 34, kwa upana kwenye Hz 43, na kwa kimo kwenye Hz 57, na tena kwenye vizidisho vyake. Kwenye masafa hayo sauti hujazana upande mmoja na kupotea upande mwingine. Noti moja ya gitaa la besi inaweza kuwa juu kwa desibeli 10 ukutani na kufifia kabisa katikati ya zulia. Nyumba za tofali na zege, ambazo ndizo za kawaida Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, huathirika zaidi kuliko nyumba za mbao na jasi za Marekani: ukuta wa jasi hutikisika na kumeza sehemu ya besi, lakini ukuta wa zege huirudisha karibu yote.

Hapa ndipo marekebisho ya chumba yanapofanya kazi yake bora, na kwa bahati njema ndipo maikrofoni inapopata kazi rahisi. Wimbi la Hz 34 lina urefu wa mita 10. Kapsuli ya maikrofoni ya kawaida ya kupimia, yaani kichwa chake kinachopokea sauti, ina kipenyo cha milimita 6 hivi. Wimbi hilo halioni kizuizi chochote. Linapita na kuibonyeza hewa mbele ya kapsuli sawasawa, liwe limetoka mbele, pembeni au juu. Udhaifu uliopo uko chini kabisa, karibu na Hz 20 na kushuka, ambako tundu dogo la kusawazisha mgandamizo wa hewa nyuma ya kiwambo (utando unaotikiswa na sauti), pamoja na saketi za umeme, huanza kuipunguza sauti. Maikrofoni ya bei nafuu ikikosea desibeli 1 kwenye Hz 34, na chumba kimeinua noti hiyo kwa desibeli 12, programu itashusha 11 au 13. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile anayoileta mtu kwa kusogea kutoka mwisho mmoja wa kochi hadi mwingine.

Juu mambo yanageuka. Kwenye Hz 10,000 wimbi lina urefu wa sentimita 3.4, na kwenye Hz 20,000 ni sentimita 1.7. Sasa mwili wa maikrofoni si kitu kidogo tena mbele ya wimbi. Sauti inayokuja moja kwa moja usoni hujikusanya mbele ya kiwambo na kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Inayokuja kutoka ubavuni hupita bila kukusanyika hivyo. Kwa hiyo maikrofoni moja, spika moja, mahali palepale, hutoa mistari miwili tofauti kwa kugeuza tu ncha. Hata wavu wa kinga, ukingo wa chuma ulio kuzunguka kapsuli, na kishikio cha stendi kilichobana karibu na ncha vinaacha alama zao kwenye mchoro. Makosa ya huku juu yana tabia nyingine mbaya: huwa mapana. Mlima mwembamba wa desibeli 2 unaweza kumpita msikilizaji bila kusikika, ila mteremko mpana wa desibeli 2 kutoka Hz 3,000 hadi 15,000 hubadilisha rangi ya kila kitu, sauti ya mtu ikawa kavu au nzito.

Basi nani anajua maikrofoni inakosea kiasi gani? Ili kuipima inahitajika sauti inayojulikana ukubwa wake, na ili kujua ukubwa wa sauti inahitajika maikrofoni. Mafundi wa karne ya 20 walikaa na fumbo hilo kwa miaka mingi.

Mwaka 1916 Edward Christopher Wente, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric nchini Marekani, alitengeneza maikrofoni ya kondensa: kiwambo chembamba cha chuma kilichovutwa kwa nguvu mbele ya bamba, na nafasi finyu ya hewa katikati. Kiwambo kikisogea, uwezo wa jozi hiyo kuhifadhi chaji ya umeme unabadilika, na badiliko hilo linasomeka. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo yake, na lengo alilolitangaza lilikuwa kupima ukubwa wa sauti. Kutokana na kazi hiyo zilikuja baadaye maikrofoni za maabara za inchi moja, maarufu zaidi ikiwa 640AA ya Western Electric, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa rejea ya watu wengine wote.

Jibu la fumbo lilipatikana karibu na mwaka 1940, kwa kazi za W. R. MacLean na R. K. Cook, na bado linapendeza kulifuata. Maikrofoni ya kondensa inaweza kufanya kazi kinyume: ukiipelekea umeme, kiwambo kinatikisika na kutoa sauti. Chukua maikrofoni tatu ambazo hakuna anayejua usahihi wa hata moja. Zikabilishe mbili ndani ya kitundu kidogo kilichofungwa, moja iseme, nyingine isikilize. Umeme ulioingia unapimika, umeme uliotoka unapimika, na ujazo wa hewa iliyomo unajulikana. Kutokana na hivyo unapata zao la uwezo wa zote mbili. Rudia kwa jozi ya pili, kisha ya tatu. Sasa una mazao matatu na vitu vitatu visivyojulikana, hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Sauti haikuhitaji kujulikana tangu mwanzo. Maabara za taifa kama NPL ya Uingereza, PTB ya Ujerumani na NIST ya Marekani zinatumia njia hiyo hadi leo, na shaka ya kipimo chao katika masafa ya kati ni sehemu za mia za desibeli.

Kutoka hapo usahihi unashuka ngazi kwa ngazi. Maabara ya taifa inapima maikrofoni ya rejea ya kiwanda; kiwanda kama Brüel & Kjær cha Denmark, kilichoanzishwa mwaka 1942, kinapima maikrofoni zake kwa kulinganisha na hiyo; mtengenezaji wa maikrofoni za bei nafuu ananunua moja ya hizo na kulinganisha nazo bidhaa zake. Ni utaratibu uleule wa jiwe la mizani la muuza nyama, ambalo linalinganishwa na jiwe la mkaguzi wa Wakala wa Vipimo, nalo limelinganishwa na la juu yake. Kila ngazi inaongeza shaka kidogo. Mnunuzi mwenye busara huuliza mlolongo huo unaishia wapi, na kama maikrofoni aliyoishika yeye imepita humo au ni ndugu yake tu aliyepita.

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha bidhaa sokoni. Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler wa Bell Labs walivumbua maikrofoni ya elektreti, yenye filamu ya plastiki inayobaki na chaji bila kulishwa umeme kila mara. Uvumbuzi huo ulishusha bei ya kapsuli mpaka ikafika senti chache, na kapsuli ndogo za elektreti zikageuka kuwa bora kwa upimaji: kiwambo chepesi, kipenyo kidogo, mstari ulionyooka katikati. Zinachokosa ni kufanana. Mbili zilizotoka kwenye mkanda mmoja wa kiwanda zinaweza kulingana hadi Hz 2,000 kisha zikaachana kwa desibeli 2 au 3 juu ya 8,000. Dawa yake ni faili la ugezi: orodha ya masafa na kosa la maikrofoni kwa kila moja, ambayo programu inaitoa kwenye kipimo.

Maikrofoni ya USB ya UMIK-1 inayouzwa na miniDSP ya Hong Kong ilipata umaarufu kwa sababu hiyo. Mnunuzi anasoma namba iliyo mwilini mwake, anaiingiza kwenye ukurasa wa kampuni, na kupakua mafaili mawili ya kifaa hichohicho: moja la kuelekeza ncha kwenye spika, na jingine la nyuzi 90, la kusimamisha maikrofoni ikitazama dari. EMM-6 ya Dayton Audio nayo ina faili la kila namba. Anthem ya Kanada hutoa maikrofoni iliyopimwa moja moja pamoja na vifaa vyake vya ARC, mfumo wake wa kurekebisha chumba. Risiva nyingi zaidi, kwa upande mwingine, huja na maikrofoni ya plastiki ambayo marekebisho yake yamo ndani ya risiva, kwa wastani wa aina nzima. Mtu asiiache hiyo na kuchomeka nyingine “bora” kwenye risiva ya Audyssey: risiva itaendelea kutumia marekebisho ya ile ya kwanza, na makosa yatakuwa mawili.

Faili lenyewe lisipokelewe bila kutazamwa. Likifunguliwa na kuchorwa, mstari wa kapsuli ndogo unapaswa kuwa laini, kwa sababu katika kiwambo cha milimita 6 hakuna kinachoweza kuzaa milima na mabonde ya ghafla kati ya Hz 200 na 1,000. Mstari ukionekana na meno ya msumeno katika eneo hilo, kuna uwezekano mkubwa kwamba meno hayo ni ya chumba kilichotumika kupimia, kimeacha mwangwi wake ndani ya faili. Kulitumia faili la namna hiyo bila kulilainisha ni kuhamisha chumba cha mtu mwingine na kukileta sebuleni. Kingine cha kukagua ni alama ya kutoa na kujumlisha. Kuna mafaili yanayoandika kosa la maikrofoni, na yanayoandika dawa ya kosa. REW inatarajia la kwanza. Likiingizwa kinyume, kosa la desibeli 3 linakuwa la 6, na hakuna kengele itakayolia.

Maneno yaliyochapishwa kwenye boksi nayo yana mitego. Wauzaji hupenda kutaja “Class 1”, daraja la kwanza la kiwango cha kimataifa cha IEC 61672 cha vipima kelele. Ni kiwango cha heshima, lakini kiliandikwa kwa ajili ya kupima kelele za barabara na viwanda. Toleo la mwaka 2013 linadai usahihi wa desibeli 0.7 juu au chini kwenye Hz 1,000. Kwenye Hz 16,000 kinaruhusu kifaa kizidi kwa desibeli 2.5 au kipungue kwa 16. Kumi na sita! Mkaguzi wa mazingira hana shida na hilo. Anayetaka kujua kama twita ya spika yake inafika inapodaiwa kufika, hawezi kulitegemea daraja peke yake. Anahitaji mstari wa kifaa chake.

Je, mtu aliye nyumbani, asiye na maabara, anaweza kujua lolote? Anaweza kujua mengi, na kwa saa moja tu.

La kwanza ni kurudia. Maikrofoni ikae kwenye stendi, feni na kiyoyozi vizimwe, kipimo kichukuliwe mara mbili bila kugusa kitu. Vipimo vya siku hizi hutumia mlio unaopanda polepole kutoka besi hadi juu, njia ambayo Angelo Farina wa Italia aliieleza mwaka 2000, na ina uwezo mkubwa wa kushinda kelele. Mistari miwili inapaswa kulaliana kiasi cha kuonekana mmoja. Isipolaliana, tatizo lipo kwenye waya, kelele au programu, na ni bure kuendelea. Kulaliana kwenyewe hakuthibitishi usahihi; kifaa kinaweza kurudia uongo uleule kwa uaminifu mkubwa.

La pili lina thamani kubwa zaidi, nalo ni la kugeuza. Spika na maikrofoni viwekwe kwenye kimo cha mita 1.2, umbali wa mita moja kati yao, mbali na kuta. Sauti iliyogonga sakafu inasafiri mita 2.6 badala ya moja, kwa hiyo inachelewa karibu milisekunde 5. Programu iambiwe kutupa kila kitu kinachofika baada ya hapo. Chini ya Hz 200 hivi kipimo hicho hakifai, lakini juu yake kinakuwa kama cha chumba kisicho na mwangwi. Pima ncha ikitazama spika, kisha geuza maikrofoni nyuzi 90 huku ncha ikibaki palepale. Tofauti ya mistari hiyo miwili inapaswa kufanana na tofauti ya mafaili mawili yaliyokuja na maikrofoni. Spika haikubadilika, chumba kimetupwa, kwa hiyo kilichobaki ni maikrofoni na mafaili yake. Vikilingana ndani ya desibeli 1 hadi Hz 10,000, mafaili hayo yanaeleza kifaa halisi kilicho mkononi. Visipolingana, huenda faili ni la namba nyingine, au la nyuzi 90 ni la kukadiriwa tu.

Ni jaribio linalodai utulivu wa mkono. Ncha ikisogea sentimita moja, kwenye Hz 10,000 imesogea karibu theluthi ya wimbi. Uzi uliotundikwa kutoka darini, fundo lake likigusa ncha kabla ya kila kipimo kisha likaondolewa, unatosha kuirudisha mahali pake.

Kwa besi kuna njia iliyoelezwa na D. B. Keele mwaka 1974: kuisogeza maikrofoni mpaka karibu iguse koni ya spika. Hapo sauti ya koni inafunika ya chumba kiasi kwamba chumba hakihesabiki. Spika iliyofungwa bila tundu hushuka desibeli 12 kwa kila oktava chini ya mvumo wake. Mstari ukishuka kwa kasi zaidi ya hiyo karibu na Hz 20, kilichoongezeka ni upungufu wa maikrofoni, wa kadi ya sauti au wa amplifaya. Sauti iwe ndogo wakati wa jaribio hili, maana mbele ya koni mgandamizo ni mkubwa na kapsuli huzidiwa upesi.

Kuna pia usahihi wa kiwango, yaani kama desibeli 75 kwenye skrini ni 75 kweli. Kwa kuchora milima na mabonde haujalishi, kwa kuwa kosa lake ni moja kwa masafa yote. Unajalisha pale mfumo unapoongeza besi kulingana na ukubwa wa sauti, kama Dynamic EQ ya Audyssey inavyofanya. Kifaa cha kuhakikia huchomekwa kwenye ncha na kutoa desibeli 94 kwenye Hz 1,000, sawa na mgandamizo wa paskali 1. Maabara nyingine hutumia pistonfoni, yenye bastola ndogo inayosukuma hewa na kutoa desibeli 124 kwenye Hz 250. Hiyo hutegemea mgandamizo wa hewa ya mahali, na ndiyo sababu huuzwa pamoja na kipimahewa chake. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, pistonfoni ileile hutoa sauti pungufu kwa kati ya desibeli 1.5 na 2 kuliko Mombasa. Fundi asiyesoma kipimahewa ataihukumu maikrofoni nzima kwa kosa la mlima.

Pwani ina taabu yake. Maikrofoni iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikitolewa ghafla kwenye hewa nzito ya Aprili, hupata umande kwenye kapsuli na kuanza kukwaruza au kupoteza sauti. Iachwe ndani ya boksi lake mpaka ipate joto la chumba, na boksi liwe na pakiti ya kunyonya unyevu.

Baada ya yote hayo linabaki swali ambalo hata maikrofoni ya dola elfu mbili hailijibu: je, kila kilichopimwa kirekebishwe? Floyd Toole, aliyefanya utafiti wa spika kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada kuanzia mwaka 1965 na baadaye Harman, amesisitiza kwa miongo mingi kwamba juu ya masafa fulani maikrofoni na binadamu hawasikii kitu kimoja. Maikrofoni inajumlisha sauti ya moja kwa moja na marudio yote ya ukutani. Sikio pamoja na ubongo hutenganisha. Mpaka wenyewe unakadiriwa kwa kanuni ya Manfred Schroeder, na kwa chumba chetu cha mita 5 kwa 4 kwa 3 unaangukia kati ya Hz 160 na 230, kutegemea mwangwi wake. Chini ya hapo chumba ndicho mwenye amri. Juu ya hapo spika ndiyo yenye neno, na spika iliyotengenezwa vizuri haihitaji kunyooshwa kwa mchoro wa kwenye kochi. Hata mstari ulionyooka kabisa pale kochini si lengo zuri: Henning Møller wa Brüel & Kjær alionyesha mwaka 1974 kwamba mchoro unaopendeza kusikilizwa chumbani huteremka polepole kuelekea juu. Anayelazimisha unyookaji hupata sauti kali, na mara nyingi huishia kuilaumu maikrofoni isiyo na hatia.

Kwa hiyo hukumu ya usahihi inakuja na dawa yake. Programu nyingi sasa zinaruhusu marekebisho yaishie kwenye masafa anayochagua mtumiaji. Dirac ina mipaka ya kuvuta kwa kidole, na Audyssey ilitoa programu ya simu mwaka 2017 yenye uwezo huo. Marekebisho yakikomea kwenye Hz 300 hadi 500, kasoro nyingi za maikrofoni nafuu zinabaki nje ya uwanja, kwa kuwa ziko juu ya hapo.

Anayeanza leo, na ana fedha ya kununua kitu kimoja, achukue maikrofoni ya USB yenye faili la namba yake, pamoja na stendi nzito. Aifanyie jaribio la kugeuza siku ileile aliyoinunua, wakati muuzaji bado anaweza kuipokea ikirudishwa. Apime sehemu sita au zaidi kuzunguka mahali anapokaa, arekebishe besi, na sehemu ya juu aiache kama mtengenezaji wa spika alivyoiacha. Maikrofoni za maelfu ya dola ni za watu wanaotengeneza spika, na huko zinastahili kila senti. Sebuleni, fedha hiyo iende kwenye sabufa ya pili: mbili zikipangwa pande mbili za chumba hupunguza mabonde ya besi ambayo hakuna programu inayoweza kuyajaza.